Manju Mwenye Gitaa: Albamu ya "Sawa Sawa" na Ufundishaji wa Nyimbo za Fasihi Simulizi

Utangulizi

Katika mtihani mmoja wa majaribio wa Kidato cha Tatu, swali lilimtaka mtahiniwa ataje wimbo mmoja wa kizalendo na aeleze sifa zake nne. Mwanafunzi mmoja hapa Kitengela alitaja "Daima", wimbo wa Eric Wainaina. Alieleza kiitikio chake, nafsineni wake na namna watu wanavyoupokea kwa pamoja unapoimbwa hadharani. Nilimpa sufuri. Pambizoni niliandika kwa wino mwekundu: "Huu si wimbo wa fasihi simulizi, una mwenyewe." Alinijia baadaye akiwa na karatasi mkononi, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, na wimbo wa taifa je? Nao hauna wenyewe?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Makala haya ni jaribio la kulitafuta. Yananuia kufanya mambo matatu. Kwanza, kuchunguza ikiwa wimbo wa mtunzi mmoja anayejulikana, uliorekodiwa studioni na kuuzwa, unaweza kufundishwa pamoja na nyimbo za fasihi simulizi. Pili, kuitazama albamu ya "Sawa Sawa" (2001) kama matini ya kihakiki. Tatu, kumpa mtahiniwa mbinu za kujibu maswali ya nyimbo katika Karatasi ya Tatu (102/3), ambapo fasihi simulizi ina alama 20 kati ya 80. Alama hizo si haba, na wengi huzipoteza kwa kukariri sifa wasizoweza kuzionyesha katika wimbo wowote.

Wimbo ni wa nani?

Vitabu vyetu vya kiada huufafanua wimbo kuwa utungo wa kishairi unaowasilishwa kwa sauti yenye mahadhi, pengine kwa kuandamana na ala, makofi, vigelegele au ngoma. Mwasilishaji wake huitwa manju au yeli. Sifa zinazotajwa mara kwa mara ni hizi: huimbwa mbele ya hadhira, huwa na kiitikio, huambatana na utendaji, hufungamana na muktadha maalumu kama vile kazi, ndoa, jando au matanga, huweza kubadilishwa na fanani papo kwa papo, na huwa mali ya jamii nzima.

Ni sifa hiyo ya mwisho iliyonifanya nimnyime mwanafunzi alama. Lakini tuitafakari vizuri. Hakuna wimbo uliojitunga. Bembelezi tunayoiita ya jamii ilianza siku moja kinywani mwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mmoja asiyetaka kulala. Jamii iliupenda wimbo, ikauimba, ikaupunguza hapa na kuuongeza pale, hata jina la mama yule likasahaulika. Umiliki wa jamii basi ni hali ambayo wimbo huifikia baada ya kusafiri. Si hali unayozaliwa nayo.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa mwanafunzi wangu. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya yalitokana na bembelezi ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana. Mwaka wa 1963, jopo la wanamuziki lililotwikwa kazi ya kuandaa wimbo wa nchi mpya liliyachukua mahadhi hayo na kuyavika maneno ya sala. Wimbo wa kumlaza mtoto ukawa wimbo wa kuliamsha taifa. Maneno yalibadilika, hadhira ikabadilika, dhima ikabadilika, na kwa hivyo kipera nacho kikabadilika. Mtahiniwa anayekumbuka jambo hili hatasahau kwamba aina ya wimbo huamuliwa na dhima na muktadha wake zaidi kuliko na sauti yake.

Mfano wa pili ni "Malaika". Wengi wanamjua Fadhili William, aliyeurekodi katika miaka ya mwanzo ya 1960. Wengine humtaja Adam Salim kuwa ndiye aliyeutunga miaka mingi kabla ya hapo. Wameuimba Miriam Makeba na wengine wengi duniani. Harusini Kajiado au Kitui, watu huuimba bila kumtaja yeyote kati yao. Je, wimbo huu ni wa mtu au wa jamii? Jibu la haki ni kwamba una sura zote mbili, kutegemea unautazama ukiwa wapi: kwenye jalada la santuri au kwenye hema la harusi.

Sheria nayo imeziona sura hizo mbili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi mmoja mmoja. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 huzilinda jamii. Kwa hivyo, hata mwanasheria hatosheki na kauli kwamba wimbo usio na jina la mtunzi hauna mwenyewe.

Gitaa liliingiaje katika fasihi yetu?

Baadhi ya walimu huona kwamba gitaa ni ala ya kigeni, na hivyo wimbo wake hauwezi kuitwa wa kwetu. Hoja hii haiwezi kusimama mbele ya historia. Katika miaka ya 1950 vijana wa Magharibi ya Kenya walilichukua gitaa na kulicharaza kwa namna waliyozoea kucharaza ala zao za nyuzi. George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliupa umaarufu mtindo wa omutibo, ambao mapigo yake yalikazwa kwa kukwaruzwa chupa ya soda ya Fanta yenye mifuo. Kadhalika, wapigaji wa benga kutoka Nyanza walihamishia kwenye gitaa mbinu za nyatiti. Ala ilitoka ughaibuni, lakini ufundi wa vidole ulikuwa wa nyumbani.

Huko Marekani jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa njia yake. Mnamo 1965, waimbaji waliokuwa wakiimba nyimbo za jadi za wakulima na wafanyakazi kwa gitaa la kawaida walianza kutumia gitaa la umeme na ngoma za muziki wa roki. Mmoja wao, Bob Dylan, alizomewa na baadhi ya mashabiki wake waliodhani ameisaliti jadi. Mwaka wa 2016 mtu huyo huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kwa kuwa alikuwa ameleta njia mpya za usemi wa kishairi ndani ya mapokeo ya nyimbo za nchi yake. Mwalimu anayesita kuuingiza wimbo wa gitaa darasani na aukumbuke uamuzi huo, ingawa hatukuhitaji kungoja Stockholm ituambie kwamba wimbo ni fasihi. Mganda Pio Zirimu alikuwa amekwisha kututafutia istilahi ya sanaa ya mdomo miongo mingi kabla ya hapo, ili isionekane kuwa ndugu mdogo wa maandishi.

Mtunzi na albamu yake

Eric Wainaina alianza kujulikana katika miaka ya 1990 akiwa katika kundi la Five Alive, lililoimba nyimbo za injili. Baadaye alisomea muziki katika chuo cha Berklee, Boston. Wimbo wake "Kenya Only" uligeuka kuwa wimbo wa maombolezo baada ya shambulizi la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200. Tazama tena nguvu ya muktadha: wimbo wa kuisifu nchi ulichukua dhima ya mbolezi kwa sababu ya yale yaliyotokea barabarani.

"Sawa Sawa" ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, nayo ilitoka mwaka wa 2001. Ilifuatwa na "Twende Twende" mwaka wa 2006. Yeye ni mtunzi na mwimbaji wa kujitegemea. Hutunga maneno, hutunga mahadhi, na huimba mwenyewe. Muziki wake si roki tupu wala si benga tupu. Ni mchanganyiko wa mapigo ya kwetu na upangaji wa sauti wa kimagharibi, nao hutumia Kiswahili, Kiingereza na Gikuyu. Katika fasihi tungesema kwamba anatumia uchanganyaji ndimi katika kiwango cha maneno na pia katika kiwango cha muziki.

Namshauri mwalimu aichukulie albamu kama anavyoichukulia diwani au mkusanyiko wa hadithi fupi. Diwani ina anwani, ina mpangilio, na shairi moja hulijibu jingine. Hebu tutazame mambo manne.

(i) Anwani. Neno "sawa" likirudiwa huwa na maana zaidi ya moja. Linaweza kumaanisha usawa baina ya watu. Linaweza pia kuwa itikio la Mkenya anayekubali jambo ili yaishe: karani amesema rudi kesho, naye akajibu "sawa sawa" akaondoka. Anwani kama hii, ikiwekwa kwenye albamu iliyo na wimbo mkali kuhusu ufisadi, humruhusu mhakiki kuuliza: je, mambo ni sawa kweli? Hapa mwanafunzi anaweza kujadili utata na kinaya kwa kutumia maneno mawili tu.

(ii) "Nchi ya Kitu Kidogo". Huu ndio wimbo uliomfanya mtunzi ajulikane kote nchini. "Kitu kidogo" ni jina la mtaani la hongo, sawa na "chai". Kwa istilahi ya kihakiki hiyo ni tasfida. Lakini tuwe waangalifu. Tasfida ya kawaida huficha aibu kwa heshima: tunasema mtu amejifungua, au ameaga dunia. Tasfida ya hongo huficha kosa ili lisionekane kosa. Askari hasemi "nipe hongo". Husema "nitoe na chai", na mtoaji naye hujiona mkarimu. Mtunzi anapolitoa neno hilo kichochoroni na kuliimba kwa sauti kubwa katika kiitikio, pazia linaanguka. Neno lililobuniwa kunong'onwa haliwezi kubaki tasfida likiimbwa na umati, linakuwa kejeli. Isitoshe, anwani yenyewe imeundwa kwa ukinzani: upande mmoja nchi nzima, upande wa pili kitu kidogo. Kinachoitwa kidogo ndicho kilichoimeza nchi.

Muktadha wake ni muhimu. Mwezi Desemba mwaka wa 2000 mahakama iliamua kwamba taasisi ya kupambana na ufisadi iliyokuwapo wakati huo haikuafiki katiba. Wimbo ulipotoka mwaka uliofuata, ulisema kwa gitaa yale ambayo taasisi haikuweza tena kuyasema kwa hati. Sheria mpya ya kupambana na ufisadi ilipitishwa mwaka wa 2003, baada ya uchaguzi wa Desemba 2002. Sidai kwamba wimbo ndio ulioileta sheria. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi akiulizwa dhima ya nyimbo za kisiasa, asiishie kuandika "huhamasisha jamii". Aeleze zilihamasisha jamii gani, lini, na kuhusu nini.

(iii) "Daima". Wimbo huu ni wa kizalendo. Ukiulinganisha na wimbo wa taifa utaona tofauti ya nafsineni. Wimbo wa taifa unaimbwa kwa nafsi ya kwanza wingi. Taifa zima linaomba. Katika "Daima", mtu mmoja anajitokeza na kujitambulisha kuwa Mkenya, kisha umoja anaousifu unatokana na wengi kama yeye kusema hivyo hivyo. Uzalendo unakuwa ahadi ya mtu binafsi. Labda ndiyo sababu watu waliukimbilia wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo kumtambua mtu kwa kabila lake kulikuwa jambo la kufa na kupona. Wimbo ulitoa jina jingine la kujitambulisha.

(iv) Mkao wa nyimbo hizi mbili. Mwanafunzi wengi huona kwamba kuipenda nchi na kuikosoa ni mambo yanayopingana. Albamu hii inaziweka sauti zote mbili kinywani mwa mtu mmoja. Anayeahidi kuwa Mkenya daima ndiye anayeiita nchi yake ya kitu kidogo. Albamu yake ya mwaka wa 2011, "Love + Protest", inaonyesha katika anwani yenyewe kwamba mapenzi na upinzani vinakaa pamoja. Hili ni somo la dhamira ambalo mwanafunzi atalihitaji pia katika tamthilia na riwaya teule, ambako mhusika anayeikemea jamii mara nyingi ndiye anayeipenda kuliko wote.

Olaranyani na manju wa studio

Katika Kaunti ya Kajiado, hatuwezi kuzungumzia wimbo bila kumtaja olaranyani. Huyu ni kiongozi wa wimbo katika ngoma za Wamaasai. Yeye ndiye aanzishaye kwa mstari wa namba, yaani kichwa cha wimbo, na kundi humwitikia kwa sauti nzito za kooni zinazopishana na kupandana. Ngoma ya kupiga haipo. Mapigo hutoka kwenye pumzi, kwenye shingo na mabega yanayosukumwa mbele na nyuma, na kwenye shanga zinazolia mwili unapotikisika, huku vijana wawili watatu wakiingia katikati na kuruka wima. Kitabu cha Naomi Kipury kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai, kilichochapishwa mwaka wa 1983, bado ni hazina kwa mwalimu wa eneo hili. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziorodhesha Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za wanaume wa Kimaasai, miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nyimbo za sherehe hizo ziko ndani ya tahadhari hiyo.

Sasa tulinganishe. Olaranyani na Wainaina wote ni manju. Wote huanzisha na kuitikiwa. Wote huteuliwa kwa kukubalika na hadhira: mmoja na rika lake, mwingine na wanaolipa kiingilio. Tofauti zao ni hizi. Olaranyani hawezi kuimba peke yake. Bila rika lake hakuna wimbo. Manju wa studio anaweza kuimba mbele ya kipaza sauti katika chumba kitupu, na hadhira yake ikamfikia miezi baadaye. Olaranyani hubadilisha maneno kulingana na aliyesimama mbele yake. Wimbo uliorekodiwa hurudia maneno yale yale hata msikilizaji akilia. Wimbo wa Eunoto una wakati na mahali pake. Wimbo wa albamu huweza kusikika kwenye matatu ya Namanga, harusini na matangani siku moja.

Mwanazuoni Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982, aliuita usimulizi unaotegemea redio na vyombo vya kurekodi kuwa usimulizi wa pili: una sauti na mvuto wa mdomo, lakini umesimama juu ya msingi wa maandishi na mitambo. Istilahi hii inatuondolea ugomvi. "Sawa Sawa" si fasihi simulizi ya aina moja na wimbo wa olaranyani, wala si fasihi andishi kama diwani. Imo katikati. Lakini wimbo wowote kati ya hizo ukiimbwa uwanjani, umati ukauitikia na mwimbaji akabadilisha mstari ili kumtaja kiongozi aliyepo, kwa dakika hizo una sifa zote za fasihi simulizi.

Hapo ndipo penye jibu la swali la mwanafunzi wangu. Nilipaswa kuhakiki sifa alizoeleza, nisikimbilie jina la mtunzi.

Zoezi la mfano

Wimbo ufuatao nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, nikizingatia mabadiliko ya ardhi yaliyotokea hapa. Wazee huku wanakumbuka Kitengela ikiitwa Noonkopir, na mashamba ya pamoja yaliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 1968 yakiwa hayajagawanywa.

Kiongozi: Baba, nani kaweka mawe haya njiani?
Wote: Ng'ombe wapite wapi?
Kiongozi: Juzi palikuwa malisho, leo pana seng'enge.
Wote: Ng'ombe wapite wapi?
Kiongozi: Mpimaji kapita na mnyororo wake.
Wote: Ng'ombe wapite wapi?
Kiongozi: Nawe ukatia kidole kwenye wino.
Wote: Ng'ombe wapite wapi?
Kiongozi: Ukarudi nyumbani juu ya pikipiki.
Wote: Ng'ombe wapite wapi?
Kiongozi: Pikipiki haikamuliwi, baba.
Wote: Ng'ombe wapite wapi?
Kiongozi: Mwanangu, nenda shule, ukaisome na ile hati.
Wote: Ng'ombe wapite wapi?

Maswali

(a) Huku ukitoa ithibati, tambua nafsineni wawili katika wimbo huu. (alama 4)
(b) Fafanua mbinu tatu za lugha zilizotumika. (alama 6)
(c) Taja shughuli mbili za kijamii au kiuchumi zinazodokezwa. (alama 2)
(d) Eleza sifa nne za fasihi simulizi zinazojitokeza katika wimbo huu. (alama 4)
(e) Wimbo huu ukirekodiwa studioni, eleza mambo mawili ambayo huenda yakapotea na mawili ambayo huenda yakapatikana. (alama 4)

Mwongozo wa majibu

(a) Nafsineni wa kwanza ni mtoto, kwa kuwa anamwita msemewa "baba". Wa pili ni baba, kwa kuwa katika mstari wa mwisho wa kiongozi anasema "mwanangu". Mtahiniwa akitaja nafsineni bila ithibati apewe nusu ya alama.

(b) Kiitikio "Ng'ombe wapite wapi?" ni takriri na pia ni balagha. Mtahiniwa anaweza kutaja zote mbili, mradi aeleze kila moja kwa kazi yake: takriri inasisitiza hasara, balagha inamshtaki msemewa bila kumtaja. "Mawe" ni ishara ya umiliki wa kibinafsi. Kuna taswira ya kidole kwenye wino, inayoonyesha mtu aliyetia sahihi asichoweza kukisoma. Kuna kinaya: mzee anarudi na chombo kipya kana kwamba amenufaika, kumbe ameuza riziki. "Kaweka" na "kapita" ni inkisari. Hizo ni uhuru wa mtunzi, zisihesabiwe kuwa tamathali za usemi.

(c) Ufugaji, upimaji na uuzaji wa ardhi, elimu. Zozote mbili.

(d) Kuna majibizano kati ya kiongozi na kundi. Kuna urudiaji unaosaidia kukumbuka. Hadhira inashiriki katika uwasilishaji. Wimbo umefungamana na hali halisi ya jamii. Mistari inaweza kuongezwa au kupunguzwa bila kuuharibu. Zozote nne.

(e) Vinavyopotea: ushiriki wa moja kwa moja wa hadhira; ishara za uso na mwili; uwezo wa kubadilisha maneno papo kwa papo; muktadha halisi. Vinavyopatikana: kuhifadhiwa, kusambaa kwa watu wengi, mtunzi kutambuliwa na kulipwa.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

Kosa la kwanza ni kuorodhesha sifa za jumla bila kuzionyesha katika wimbo uliotolewa. Swali likisema "zinazojitokeza", kila sifa iandamane na mfano kutoka kwenye wimbo wenyewe.

Kosa la pili ni kuchanganya mtunzi, mwimbaji na nafsineni. Wainaina ndiye mtunzi na mwimbaji wa "Daima", lakini nafsineni ni raia yeyote. Katika zoezi letu, mtunzi ni mwalimu wa makamo. Nafsineni wa kwanza ni mtoto.

Kosa la tatu ni kuamua kipera kwa kutazama ala au mahadhi. Anzia kwenye dhima: wimbo unafanya kazi gani, wapi, na kwa nani?

Kosa la nne ni kudhani kwamba fasihi simulizi ni ya zamani tu. Swali la mabadiliko katika fasihi simulizi huhitaji mifano ya leo, na kaseti, redio na simu ni sehemu ya jibu.

Kazi ya nyanjani

Madarasa yetu ya Kitengela yana watoto wa jamii nyingi, na wengi wao hawakulelewa na nyimbo za jadi za nyumbani kwao. Kwa upande mwingine, nimewahi kufundisha kijana aliyekuwa akianzisha nyimbo za rika lake kila likizo, na katika mtihani akaliacha tupu swali la sifa za manju. Hakujua kwamba mtihani ulikuwa ukimuuliza kumhusu yeye.

Napendekeza kila mwanafunzi akusanye nyimbo mbili: moja aliyoimbiwa na mtu ana kwa ana, na moja aliyoisikia katika rekodi. Kwa kila wimbo aandike ulipoimbiwa, aliyeuimba, walioitikia, kazi ya wimbo huo na maneno yaliyobadilika. Aombe idhini kabla ya kurekodi. Nyimbo nyingine za jando hazitolewi nje, na hilo liheshimiwe. Kisha darasa liziweke nyimbo hizo mbili kwenye jedwali moja na kuzilinganisha. Siku moja ya kazi hii hufunza zaidi ya juma zima la kunakili maelezo ubaoni. Mwanafunzi wa Kimaasai atagundua kwamba ana ujuzi ambao vitabu vinautafuta, na mwenzake wa mjini atagundua kwamba simu yake imejaa fasihi.

Hitimisho

Tumeona kwamba umiliki wa jamii ni safari ya wimbo, kwamba gitaa halikuzuia fasihi ya kwetu kuzungumza, na kwamba albamu ya mtunzi mmoja huweza kuhakikiwa kwa vyombo vile vile tunavyotumia kwa nyimbo za jadi, mradi tutaje wazi tofauti za uwasilishaji. Mhakiki asiulize tu "wimbo huu ni wa nani?" Aulize pia "unaimbwa na nani sasa, na kwa nini?"

Karatasi ile niliirudia. Mwanafunzi alikuwa ametoa sifa nne, tatu zikiwa na mifano. Nilimpa alama tatu, na juu ya maneno yangu ya wino mwekundu nikapiga mstari.